Mwalimu Hufunzwa Mbele ya Watoto
Hotuba ya waalimu wa parokia katika sherehe ya Yubile





Tunaishukuru Halmashauri ya Yubile kwa kutupa sisi waalimu nafasi ya kusema. Wengine wamekwisha kueleza namna parokia ilivyoanza, mapadri walioitumikia na wakristu waliobeba mawe na matofali. Sisi tumeombwa kunena juu ya kazi moja tu: namna ya kuwafunza vijana watakaowafundisha watoto wetu kesho.

Labda mtu atauliza moyoni mwake: neno hilo laingiaje katika sherehe ya Eklezya? Jibu ni rahisi. Katika nchi hii kanisa na masomo vilizaliwa chini ya paa moja. Siku ya Mungu watu walisali ndani ya nyumba ile. Siku za kazi watoto walikaa juu ya mabenchi yale yale, na katekista aliyeongoza sala ndiye aliyeandika a, e, i, o, u juu ya ubao. Anayeshukuru kwa ajili ya kanisa lake hana budi kushukuru vilevile kwa ajili ya mwalimu, na kuuliza: nani atashika chaki baada yake, naye anafunzwa wapi?

Neno letu la leo ni hili. Diploma pekee haimfanyi mtu kuwa mwalimu. Mwalimu hufunzwa mbele ya watoto, akisimamiwa na mwenzake aliyemtangulia katika kazi, na kwa lugha ambayo watoto wanaisikia. Mahali pa kufanyia hayo ni shule zetu wenyewe. Basi sehemu kubwa ya kazi hiyo imo mikononi mwetu, wala hatuwezi kuiachia serikali peke yake.

Namna waalimu walivyofunzwa zamani

Tarehe 26 Mei 1906, Kiti Kitakatifu na Dola Huru la Kongo walifanya mapatano. Dola liliahidi kuwapa wamisionari mashamba, nao wamisionari wakajifunga kufungua shule ambamo watoto wangejifunza pia kilimo na kazi za mikono. Baadaye serikali ya Wabelgiji ilianza kuzisaidia shule za misioni kwa feza, ikatoa programu za kufuatwa, ile ya 1929 na ile ya 1948. Katika sehemu zetu kazi hiyo iliendeshwa hasa na Mapadri Weupe, katika Vikariati ya Ziwa Albert, ambayo tarehe 10 Novemba 1959 iligeuka kuwa Jimbo la Bunia, Mwashamu Alphonse Matthijsen akiwa askofu wake wa kwanza.

Mwanzoni mwalimu alikuwa mtu aliyejua kusoma kupita wenzake, basi. Padri alimpima kwa tabia yake na kwa maandiko yake, akamtuma kijijini. Programu ya 1948 iliweka ngazi: shule ya mazoezi ya ualimu, ambayo kijana aliyemaliza masomo ya msingi aliifuata miaka miwili, na shule ya moniteri, ambayo iliendelea miaka minne. Wazee wetu waliopita katika shule ya moniteri wangali wanakumbukwa kwa mwandiko wao mzuri, na kwa sababu hawakuingia darasani bila kuandika matayarisho ya siku ile.

Baada ya Uhuru wa 1960, masomo ya ualimu yaliingizwa polepole katika sekondari ya miaka sita. Tangu 1967 vijana wanaomaliza wanapita katika Mtihani wa Serikali, kama wenzao wa seksioni nyingine. Mwisho wa 1974 serikali ya Zaire iliamua kuchukua shule zote mikononi mwake. Tarehe 26 Februari 1977 mapatano mapya yalitiwa sahihi, na uongozi wa shule nyingi ukarudishwa kwa Eklezya Katolika na kwa Makanisa mengine. Ndipo lilipotoka jina tunalolisikia kila siku, shule za konvansyo. Maana yake tusiisahau: serikali inaweka programu na inapaswa kuwalipa waalimu, Eklezya inaongoza na kulea. Mmoja akilala, mwingine atachoka.

Tunayaeleza hayo kusudi tuone jambo moja. Sheria zilibadilika, majina yalibadilika, wakubwa walibadilika. Lakini katika kila wakati, mahali walipopatikana waalimu wazuri palikuwa na shule ambamo kijana alijizoeza kazi kabla ya kukabidhiwa darasa.

Masomo ya ualimu leo

Watu wengi wanachanganya mambo mawili. Hapa mjini tunayo ISP Bunia, yaani Chuo cha Juu cha Ualimu. Chuo hicho kinawatayarisha hasa waalimu wa sekondari: wa hesabu, wa historia, wa Kifaransa, wa elimu ya viumbe na kadhalika. Kwa muda mrefu mwanafunzi alisoma miaka mitatu kupata graduat, kisha mingine miwili kupata licence. Sasa vyuo vya nchi yetu vimeingia katika utaratibu mpya: licence kwa miaka mitatu, masta kwa miwili.

Lakini mwalimu wa shule ya msingi, yule anayempokea mtoto wa miaka sita, kwa kawaida hatoki chuoni. Anatoka katika seksioni ya pedagojia ya sekondari, akiwa na diploma ya Serikali. Tufikiri vema jambo hili. Kijana wa miaka kumi na minane au ishirini, aliyekuwa mwanafunzi mwezi wa saba, aweza kuwa mwalimu mwezi wa kenda, akikabidhiwa watoto wengi kuliko wakristu wa jumuiya nzima. Anajua nini?

Katika miaka minne ya humanite ya pedagojia anajifunza Kifaransa, hesabu, historia na jeografia kama wenzake. Tena anajifunza saikolojia, ili ajue mtoto anavyokua na anavyofikiri; pedagojia, ili ajue shabaha ya malezi; na metodolojia ya kila somo, ili ajue namna ya kufundisha kusoma, kuhesabu, kuimba, kuchora. Hayo yote ni mema. Lakini yamo ndani ya daftari. Kitu kinachoyatoa daftarini na kuyaweka mikononi ni somo la majaribio.

Somo la majaribio linafanywa hivi. Kijana anapewa somo, tuseme kutoa tano katika kumi na mbili, darasa la kwanza. Anaandika fishi ya matayarisho: shabaha ya somo, vifaa, maswali, mazoezi. Anakwenda sokoni kutafuta maharagi ya kuhesabia. Anasimama mbele ya watoto wa kweli, huku mwalimu wake na wenzake wamekaa nyuma na kalamu. Dakika thelathini zinapita. Kisha watoto wanatoka, na kritiki inaanza. Mmoja anasema: maharagi yalikuwa mazuri, lakini uliyashika wewe peke yako, watoto hawakuyagusa. Mwingine anasema: uliita benchi la mbele tu. Wa tatu anasema: ulipoandika, uligeuza mgongo, na kule nyuma walianza kupigana. Mwishoni mwalimu anaonyesha la kutengeneza, na kijana atalirudia somo siku nyingine.

Ndugu, hakuna kitabu kinachoweza kumwambia kijana kwamba anauliza swali na kulijibu mwenyewe. Mtu aliyekaa nyuma ya darasa analiona mara moja. Fundi wa mbao hamfunzi kijana wake kwa kumsomea habari za randa. Anampa ubao, anamwangalia mkono, anamrekebisha. Ualimu nao ni kazi ya mkono na ya jicho.

Hapo ndipo penye hatari. Pengine masomo ya majaribio yanafanywa bila watoto, wanafunzi wakubwa wakijifanya watoto. Pengine kijana anatumwa katika shule kwa ajili ya staji, naye mwenye darasa anashukuru kupata mapumziko, anatoka, anamwachia watoto wiki nzima pasipo mtu wa kumwangalia. Mwishoni karatasi inajazwa, pointi zinatolewa. Kijana huyo hakufunzwa. Alizoea makosa yake. Na atayachukua miaka thelathini.

Lugha ya mtoto

Jambo la pili linagusa lugha. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inasema kwamba Kifaransa ni lugha ya mafundisho, lakini lugha za taifa na lugha za mahali zinatumika vilevile katika kufundisha. Katika Ituri mtoto anayeanza masomo anapaswa kupata misingi ya kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili.

Lakini mwalimu wake alijifunza kila kitu kwa Kifaransa. Aliandika fishi kwa Kifaransa, alipokea kritiki kwa Kifaransa, alifanya mtihani kwa Kifaransa. Siku ya kwanza mbele ya darasa la kwanza anataka kueleza kwa nini katika kujumlisha ile moja inahamia upande wa makumi. Neno la Kifaransa analo. La Kiswahili linamkosa. Basi anafanya nini? Anawafundisha watoto kuimba jibu pasipo kulifahamu. Darasa zima linaitika pamoja kwa sauti kubwa, mgeni anayepita nje anasifu, kumbe hakuna aliyeelewa.

Eklezya inayo mfano wa kutusaidia. Mtakatifu Yohane Baptista de La Salle alizaliwa Reims katika Ufaransa mwaka wa 1651, akafa mwaka wa 1719. Tarehe 15 Mei 1950 Papa Pius XII alimweka kuwa mwombezi wa waalimu wote. Wakati wake, watoto wa Ufaransa walianzishwa kusoma kwa Kilatini, lugha wasiyoisema nyumbani. Yeye aliamuru waanze kwa Kifaransa, lugha ya mama zao. Tena, mnamo mwaka wa 1685, alifungua huko Reims nyumba ya kuwafunzia waalimu wa vijijini, maana aliona kwamba shule za maskini zinakufa kwa kukosa waalimu waliotayarishwa. Hayo mawili, lugha ya mtoto na matayarisho ya mwalimu, yeye hakuyatenga. Yakitengwa, yote mawili yanaanguka.

Hatukidharau Kifaransa hata kidogo. Mtoto atakihitaji, na mwalimu asiyekijua vema atampotosha. Lakini mtu anayepanda ngazi anakanyaga kwanza kipago cha chini. Kwa watoto wengi wa Bunia, ambao mmoja anatoka kwa Kihema, mwingine Kilendu, mwingine Alur, Kinande au Lugbara, Kiswahili ndicho kipago ambacho wote wanaweza kukikanyaga pamoja.

Madarasa yaliyojaa, watoto waliojeruhiwa

Jambo la tatu ni hali ya darasa lenyewe. Katiba ya 2006, katika fungu la 43, inataka masomo ya msingi katika shule za serikali yawe ya lazima na ya bure. Mwezi wa Septemba 2019 neno hilo lilianza kutimizwa, na wazazi waliokuwa wakimlipa mwalimu kwa mfuko wao tangu miaka ya 1990 walipumua. Watoto waliobaki nyumbani kwa kukosa feza walikuja. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mabenchi hayakuongezeka kama watoto, wala waalimu.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalitazami. Masomo ya bure yanaishia chini ya humanite. Kijana anayejifunza ualimu bado analipiwa na wazazi wake. Yaani mtoto wa darasa la kwanza anasoma bure, lakini yule atakayemfundisha analipa ili ajifunze kumfundisha. Mzazi maskini mwenye binti anayependa watoto anafika mahali hapo na kukwama.

Majirani zetu Watanzania walipitia njia kama hiyo. Katika Novemba 1974, kule Musoma, chama cha TANU kiliamua kwamba watoto wote wapate elimu ya msingi upesi, wakalenga mwaka wa 1977. Waalimu hawakutosha. Basi vijana wengi waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu kule kule vijijini, wakifundisha na kujifunza pamoja, kwa barua, kwa redio na kwa msaada wa waalimu wazoefu. Milango ya shule ilifunguka kweli. Lakini Watanzania wenyewe walilalamika baadaye juu ya mafundisho yaliyopungua nguvu. Tunajifunza kwamba mwalimu aliyetayarishwa haraka anahitaji mzoefu karibu naye kupita mwingine yeyote.

Na sisi wa Ituri tunao mzigo mwingine. Vita vya 1999 hadi 2003 viliua na kutawanya jamaa nyingi. Mauaji yalirudi mwisho wa 2017, na jamaa nyingi zilikimbilia Bunia. Kwa hiyo katika benchi moja anakaa mtoto aliyelala nyumbani kwao na mtoto aliyelala katika hema. Mtoto wa kabila hili na mtoto wa kabila ambalo baba yake anaambiwa ni adui. Mmoja anashtuka mlango ukipigwa na upepo. Mwingine hasemi neno wiki nzima. Mwalimu asiyefunzwa atamwita mjinga na kumpiga fimbo. Aliyefunzwa atajua kwamba kunyamaza kule ni kidonda, atampa kazi ndogo ya kufuta ubao, na kungoja.

Katika nchi iliyogawanyika, darasa la kwanza ndipo mahali ambapo mtoto anasikia kwa mara ya kwanza jina lake likiitwa na mtu mzima asiye wa ukoo wake. Akiitwa kwa heshima, atajua maisha yake yote kwamba jambo hilo linawezekana. Kwa hiyo matayarisho ya mwalimu ni kazi ya amani, hata kama haliandikwi hivyo katika programu.

Mambo tunayoombana

Mtaguso wa Vatikano II, katika hati yake ya tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya malezi ya kikristu, ulikumbusha kwamba shule ya kikatoliki inawategemea waalimu wake zaidi ya kitu kingine. Basi katika mwaka huu wa Yubile tunaomba mambo matano, na sisi waalimu tunajifunga kwanza.

Kwanza, kwa wazazi. Msiipeleke pedagojia mabaki ya jamaa: mwenye akili aende kwa udaktari, aliyeshindwa kila mahali aende ualimu. Mwenye akili huyo alifunzwa kusoma na nani? Mkimwona kijana anayekusanya wadogo zake jioni na kuwaeleza mambo kwa uvumilivu, huyo ndiye. Mpelekeni bila haya.

Pili, kwa wakurugenzi na waalimu wa shule zetu. Kijana wa staji anapokuja, tumpokee kama mgeni na kama mwana. Mwenye darasa asitoke. Akae nyuma na daftari, na baada ya somo ampe kijana robo saa ya maneno ya kweli na ya upole. Kritiki si kumwaibisha mtu. Tena itawafaa hata wazee wa kazi, maana anayemwangalia mwingine anajiona na yeye.

Tatu, kwa wenye masomo ya pedagojia na kwa wote wanaojua Kiswahili vema. Tukutane mara kwa mara katika chumba cha parokia tupatane maneno ya hesabu, ya kusoma, ya viumbe, na namna ya kuyaeleza kwa watoto wadogo. Kazi hiyo haitaki feza nyingi. Inataka ubao, chaki na watu wenye subira.

Nne, kwa jumuiya za kikristu. Kila jumuiya iangalie kama anapatikana kijana mmoja, hasa binti, mwenye wito wa ualimu ambaye malipo ya sekondari yanamzuia. Harambee ndogo kwa ajili ya mwalimu wa kesho ni sadaka kama ile ya mabati ya kanisa.

Tano, kwa wakubwa wa serikali waliotuheshimu kwa kufika. Mwalimu alipwe kwa wakati wake. Mtu mwenye njaa anaweza kufundisha siku mbili tatu kwa upendo. Siku ya nne anatafuta shamba.

Ndugu wapendwa, Mwenye Heri Anuarite, aliyezaliwa Wamba na kuuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, aliyetangazwa na Papa Yohane Paulo II huko Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Bafwabaka. Tunamwadhimisha kwa ajili ya kifo chake. Tukumbuke vilevile zile asubuhi nyingi ambazo hakuna aliyeziandika, alipowafundisha watoto wa msitu kusoma. Aliyekuwa mwaminifu katika asubuhi hizo ndiye aliyekuwa tayari siku ya mwisho.

Parokia yetu ikifika yubile nyingine, wengi wetu hatutakuwapo. Watakaokuwapo ni watoto walio leo darasa la kwanza. Mwaka wa masomo utakapofunguliwa, vijana wa staji watagonga milango ya shule zetu wakiwa na fishi zao mkononi. Tuwafungulie, na tukae nao darasani.

Mungu aibariki parokia yetu, na Bikira Maria, aliyemlea Yezu kule Nazareti, atuombee.